Programu ipi ya kupangia mionzi ya uvimbe wa jicho? Ulinganisho kwa idara za Kanda ya Ziwa

Wenzangu wa fizikia tiba na madaktari wa macho huku Mwanza wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna mbalimbali: tukitaka kutibu uvimbe wa jicho kwa mionzi, mpango wa tiba, yaani hesabu ya mionzi ipite wapi na kwa dozi gani, tuutengenezee kwenye programu gani? Wapo wanaosema ile iliyokuja na mashine inatosha. Wapo waliosoma nje wakaziona programu zilizoundwa kwa ajili ya jicho tu, na kwao kufanya kazi bila hizo ni kubahatisha. Vijana wa chuo nao wanashangaa kwa nini tunahangaika na leseni ilhali kuna programu huria za kupakua bure. Kila upande una hoja ya kusikilizwa. Hapa naziweka programu hizo katika makundi matatu na kuzipima kwa vigezo vilevile, ili kila idara iangalie hali yake yenyewe.

Kundi la kwanza ni programu za kisahani. Kisahani ni kipande kidogo cha chuma kilichopinda kufuata umbo la jicho, chenye chanzo cha mionzi upande wa ndani. Daktari wa macho hukishona juu ya ukuta mweupe wa jicho, mahali uvimbe ulipo kwa ndani, kikakaa siku 3 hadi 7, kisha kikatolewa. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Plaque Simulator ya Melvin Astrahan wa Chuo Kikuu cha Southern California, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kwenye majarida mwaka 1990.

Kundi la pili ni programu za idara nzima, zile zinazopanga tiba ya shingo ya kizazi, titi na tezi dume kwa miale ya nje. Humo kuna Eclipse ya Varian, Monaco ya Elekta, RayStation ya RaySearch na nyinginezo. Kundi la tatu ni programu huria: 3D Slicer na nyongeza yake SlicerRT, pamoja na matRad iliyotoka DKFZ, kituo cha utafiti wa saratani kilichoko Heidelberg, Ujerumani.

Protoni, yaani tiba ya miale ya chembe nzito inayotaka mashine ya pekee, naziacha pembeni. Jicho limetibiwa kwa protoni tangu 1975 kule Harvard, na programu ya EYEPLAN ya Goitein na Miller, iliyochapishwa 1983, ndiyo iliyofungua njia kwa programu nyingi za jicho zilizofuata. Lakini Afrika Mashariki haina kituo cha protoni, na programu bila mashine yake haimsaidii mgonjwa aliyeko Sengerema.

Vigezo ninavyotumia ni hivi: uvimbe unaotibiwa, picha na mfano wa jicho, ukweli wa hesabu ya dozi, namna mtu wa pili anavyoweza kuihakiki hesabu hiyo, na mwisho gharama pamoja na watu wa kuiendesha. Nimeanza na uvimbe kwa makusudi. Nimeona mijadala mingi ikianzia kwenye bei, na bei hupoteza maana kama chombo hakimfai mgonjwa aliyeko mlangoni.

Uvimbe unaokuja kwetu

Maandishi mengi ya mionzi ya jicho yanahusu melanoma ya ndani ya jicho, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao COMS uliwagawa wagonjwa 1,317 wenye melanoma ya ukubwa wa kati, wengine wakang'olewa jicho, wengine wakawekewa kisahani cha iodini-125. Matokeo ya 2001 yalionyesha kwamba uhai wa makundi hayo mawili haukutofautiana. Ndiyo sababu kisahani kina heshima kiasi hicho leo. Lakini melanoma hiyo huwapata zaidi watu weupe; kwa watu weusi ni nadra sana.

Kwenye kliniki za macho za ukanda huu sura ni nyingine. Kwa watoto kuna retinoblastoma, saratani ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), ambayo humpata takribani mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Kwa watu wazima kuna saratani ya utando wa juu wa jicho, inayohusishwa na jua kali na VVU. Mtu anayeshinda ziwani akivua, jua likimpiga kutoka juu na kutoka majini, yumo hatarini. Hiyo ya utando kwa kawaida ni kazi ya upasuaji na dawa za matone. Mionzi huitwa pale ilipobaki mizizi au ilipoingia ndani ya tundu la jicho.

Sasa weka programu mbele ya wagonjwa hao. Mtoto wa retinoblastoma aliyechelewa, anayeletwa kutoka visiwa vya Ukara au Kome jicho likiwa limeshajitokeza nje, atapewa dawa za saratani, jicho litang'olewa, na mionzi ikihitajika italenga tundu la jicho na njia ya neva kwa miale ya nje. Mpango wa mtoto huyo utatengenezwa kwenye programu ya idara, na programu ya kisahani haina nafasi hapo. Mtoto aliyewahiwa ni habari nyingine: mama aliona weupe unaong'aa kwenye mboni katika picha ya simu, akaja mapema, uvimbe ni mdogo na umebaki kwenye retina, pengine umekataa kuisha baada ya dawa na leza. Huyo kisahani kinaweza kumwokolea jicho, na kumwepusha na miale ya nje ambayo kwa mwenye kasoro ya jeni ya RB1 huongeza hatari ya saratani nyingine baadaye, hasa akipigwa miale kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayonifanya niwatetee wanaotaka kisahani hata kama wagonjwa wake ni wachache.

Programu huria kwa kigezo hiki hazimtibu mtu yeyote. matRad yenyewe inatamka wazi kwamba ni ya utafiti na mafunzo, na SlicerRT haina kibali cha kuamua tiba. Faida yao iko kwenye vigezo vinavyofuata.

Picha na mfano wa jicho

Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha takribani milimita 24. Lenzi ina unene wa milimita 4 hivi na upana wa 9 au 10. Fungua CT Scan ya kichwa iliyopigwa kwa vipande vya milimita 3, kama zinavyopigwa nyingi, uchore mipaka ya lenzi. Utaipata kwenye vipande vitatu, na kile cha juu na cha chini vitaionyesha kama ukungu. Uvimbe wenye kimo cha milimita 4 unaweza kutokea kwenye kipande kimoja tu. Ukiipa programu ya idara picha ya namna hiyo, itachora umbo lenye ngazi ngazi na kukupa dozi ya lenzi yenye desimali mbili nyuma ya nukta. Desimali hizo hazina msingi. Kwa programu ya idara, kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kukubaliana na watu wa radiolojia: vipande vya milimita 1, kichwa kikiwa ndani ya barakoa ileile ya tiba, na jicho likiangalia mahali palepale patakapoangaliwa siku ya mionzi. Kwa mtoto hapo ongeza daktari wa usingizi, siku ya picha na kila siku ya tiba.

Programu ya kisahani inaingia kwa mlango mwingine. Inajenga mfano wa jicho kutokana na vipimo: kipenyo, mahali pa lenzi, mahali pa neva na makula, yaani ile sehemu ya retina tunayosomea na kutambulia sura za watu. Kisha unaipa picha ya retina iliyopigwa na daktari wa macho, unaipa kimo cha uvimbe kutoka altrasaundi, na CT au MRI ikiwepo inafungamanishwa humohumo. Uvimbe unachorwa kwenye ramani ya retina, kisahani kinasogezwa juu yake hadi ukingo wake uvuke kitako cha uvimbe kwa milimita 2 hivi kila upande, na programu inakupa namba za mahali pa kupitisha nyuzi za kushonea. Namba hizo huchukuliwa hadi chumba cha upasuaji. Kwa daktari wa macho hii ni lugha anayoijua, na nimeona jinsi kazi inavyokwenda vizuri pale daktari na mwanafizikia wanapotazama ramani moja badala ya kila mmoja kubaki na picha yake.

Udhaifu wake uko palepale penye nguvu yake. Mfano wa jicho ni mzuri kadiri vipimo vilivyo vizuri, na kimo cha uvimbe hutoka mkononi mwa mtu mmoja aliyeshika kichwa cha altrasaundi. Akikishikilia kwa mshazari, milimita 4 zinakuwa 5. Kwa kisahani cha rutheni-106, chanzo kingine badala ya iodini, ambacho hutoa miale ya beta inayoishiwa nguvu upesi ndani ya tishu, milimita moja hiyo inabadilisha saa za tiba kwa kiasi kikubwa, na ukuta wa jicho ulioko chini ya kisahani ndio unaolipa. Kimo kipimwe mara zaidi ya moja, na ikiwezekana na watu wawili.

3D Slicer hapa inastahili sifa kuliko inavyopewa. Inasoma CT, MRI na faili za mpango, inaziweka pamoja, inaonyesha mipaka iliyochorwa na watu tofauti na kukuambia wametofautiana kwa kiasi gani. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini mwalimu wake alichora neva namna ile anaweza kukaa nayo usiku kucha bila kuzuia kompyuta ya idara.

Hesabu ya dozi: hapa ndipo pa kukaa

Nianze na kisahani. Kwa miaka mingi hesabu ilifanywa kama vile jicho ni maji matupu na mbegu za iodini, yaani vyanzo vidogo vya mionzi, zinaelea ndani yake. Kwa kweli mbegu hizo zimekaa kwenye kitanda cha silikoni ndani ya kikombe cha aloi ya dhahabu. Dhahabu inazuia mionzi kwenda nyuma, jambo tunalolitaka, lakini vilevile inapunguza ile iliyokuwa irudi mbele, na silikoni inameza kiasi. Kwa iodini-125 dozi halisi kwenye kilele cha uvimbe inashuka kwa takribani moja ya kumi ukilinganisha na hesabu ya maji. Ripoti ya TG-129 ya chama cha wanafizikia tiba wa Marekani, ya mwaka 2012, ilishauri hesabu zote mbili zifanywe sambamba, ya maji na ya vitu halisi, bila kubadilisha haraka dozi wanayoandika madaktari. Dozi ya Gy 85 (gray, kipimo cha dozi) kwenye kilele, iliyorithiwa kutoka COMS, ilijaribiwa kwa wagonjwa kwa hesabu ya maji. Ukiipandisha kwa sababu hesabu imekuwa sahihi zaidi, unampa mgonjwa dozi ambayo COMS haikuijaribu. Plaque Simulator inaweza kufanya hesabu zote mbili. Kwa rutheni ina njia yake inayochukua sahani nzima kama kiraka kinachotoa mionzi, iliyochapishwa 2003.

Sasa tazama tarehe. Nusu-maisha ya iodini-125, yaani muda wa nguvu zake kupungua hadi nusu, ni siku 59.4. Tuseme kwa nguvu za mbegu ulizopanga, kisahani kinatakiwa kukaa siku 5. Mzigo ukakwama njiani, au mtoto akapata homa na upasuaji ukaahirishwa wiki mbili. Mbegu zimeshapoteza asilimia 15 ya nguvu, na zile saa 120 zinakuwa kama 142. Rutheni-106, yenye nusu-maisha ya mwaka na siku kadhaa, ingepoteza asilimia 2.6 tu. Programu inafanya hesabu hiyo kwa sekunde moja, ila inategemea tarehe uliyoandika. Mbegu zilizopimwa tarehe 4 Mei huandikwa 04/05 hapa kwetu. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani itasoma Aprili 5. Inadhani mbegu ni kongwe kwa siku 29 zaidi, nguvu zimebaki asilimia 71, na inakwambia uache kisahani siku 7 badala ya 5. Siku 7 ni muda wa kawaida kabisa. Hakuna atakayeshtuka. Mtoto atapata dozi iliyozidi kwa karibu asilimia 40, na hakuna alama nyekundu itakayowaka kwenye skrini. Andikeni mwezi kwa herufi kwenye karatasi ya mpango, na mtu wa pili asome tarehe kwa sauti kutoka kwenye cheti cha mbegu.

Programu ya idara ina mtihani wake, na unategemea mashine. Kwenye mashine ya kobalti-60 chanzo chenyewe kina upana wa sentimita 1.5 hadi 2, hivyo ukingo wa miale haukatiki kwa wembe. Kivuli chake kinaenea takribani sentimita 1 au zaidi. Linganisha na jicho la milimita 24. Ukisema utalinda lenzi na kutibu nyuma ya jicho kwa uwanja mmoja wa miale (eneo linalopigwa) kutoka pembeni kwenye kobalti, programu itachora mistari mizuri, lakini lenzi itakuwa ndani ya kivuli na ukungu wa lenzi (mtoto wa jicho) utakuja baadaye. Kwenye LINAC, mashine inayotengeneza miale kwa umeme bila chanzo cha kobalti, kivuli kinapungua, na miale inayopita pembe nyingi inaweza kukumbatia tundu la jicho vizuri huku jicho la pili likilindwa. Hapo ndipo programu hizi zinapong'aa: neva ya jicho ibaki chini ya Gy 55, tezi ya machozi ipunguziwe, shina la ubongo liwe mbali.

Mambo mawili hunikosesha raha kwenye programu za idara. Mojawapo ni gridi ya hesabu, yaani umbali kati ya nukta ambazo programu inahesabia dozi. Mara nyingi inakuja ikiwa milimita 2.5, inayofaa nyonga. Kwa jicho ipunguzwe hadi milimita 1 au karibu na hapo. Hesabu itachukua muda zaidi, na muda huo si hasara. La pili ni uwanja mdogo wa miale. Chini ya sentimita 3, chemba ya kawaida ya kupimia dozi ni kubwa mno na hutoa namba ndogo kuliko ukweli. Mwongozo wa TRS-483 wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, wa 2017, umeandikwa kwa ajili ya tatizo hili. Kama vipimo vya uwanja mdogo havikuwekwa vizuri siku programu ilipofungwa, kila mpango wa jicho utabeba kosa hilohilo, na kubadilisha programu hakutalitibu.

Kuna pia wanaotaka kutumia moduli ya mionzi ya ndani ya programu ya idara, ile wanayopangia shingo ya kizazi, kuhesabia kisahani. Inawezekana: unaingiza mahali pa kila mbegu kwa namba, unapata hesabu ya maji. Dhahabu haimo, ramani ya retina haimo. Kama hesabu ya pili ya kuthibitisha ya kwanza naikubali kwa mikono miwili, lakini kumtibu mtu kwa hiyo peke yake sikushauri.

Kwa upande wa huria, matRad inahesabu fotoni, protoni na kaboni kwa data za mashine za mfano, si za mashine yako. Thamani yake ni kwamba unaweza kufungua msimbo ukaona hesabu inavyopita, mstari kwa mstari, na inaendeshwa hata kwenye Octave, programu ya hesabu ambayo hailipiwi. Kwa wenye moyo wa utafiti kuna egs_brachy ya Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, inayofuata chembe moja moja ndani ya kisahani na jicho. Inataka subira na mtu anayejua anachotafuta.

Mtu wa pili na hesabu yake

Mpango wa tiba ya jicho unahitaji uhakiki wa mtu mwingine kwa njia nyingine. Kisahani ni chepesi hapa: hesabu ya dozi kwenye mhimili wa katikati inaweza kufanywa kwa jedwali la kawaida la kompyuta, na nguvu za mbegu zipimwe kwa chemba ya kisima (kifaa chenye shimo ambamo mbegu huwekwa kupimwa) kabla ya kupakia. Cheti cha rutheni kutoka kiwandani kinaweza kubeba ukingo wa shaka unaofika asilimia 20, kwa hiyo kupima mwenyewe si ukorofi. Mpango wa miale ya nje hupimwa kwenye fantomu, yaani kitu kinachowekwa badala ya mwili wa mgonjwa, kwa filamu au kifaa kidogo. Na SlicerRT inaweza kusoma mpango wako, ikachora upya histogramu ya dozi (mchoro wa kiasi gani cha kiungo kinapata dozi ipi), na mkaona kama namba za programu ya kulipia zinalingana na mipaka iliyochorwa. Wachache wanaitumia hivyo, na sioni sababu.

Gharama, umeme na watu

Programu ya idara huwa imeshanunuliwa pamoja na mashine; gharama inayokuja ni leseni ya kila mwaka na matengenezo, na hiyo ndiyo huleta majonzi pale bajeti inapochelewa. Programu ya kisahani ina leseni yake na imezoea kompyuta za Apple, jambo linalowashangaza mafundi wetu wa kompyuta waliozoea Windows. Lakini gharama yake kubwa haiko kwenye programu. Iko kwenye vyanzo. Mbegu za iodini hununuliwa karibu na siku ya mgonjwa. Kisahani cha rutheni hutumika tena na tena kwa mwaka mmoja au zaidi kabla hakijachoka, kikisafishwa na kukaguliwa kama hakivuji. Vyote vinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chumba cha kuhifadhia, na mgonjwa kulazwa mahali ambapo wajawazito na watoto wengine hawamkaribii. Programu huria haina leseni, ila inataka muda wa mtu, na muda wa mwanafizikia mmoja anayehudumia idara nzima ni ghali.

Umeme ukikatika katikati ya hesabu ndefu, hesabu inaanza upya. UPS nzuri ni sehemu ya programu, popote unapoangukia.

Kwa hali yako

Kama idara yako ina kobalti pekee na wagonjwa wako wa jicho ni watoto waliochelewa au watu wazima ambao saratani imeingia kwenye tundu la jicho, baki na programu ya idara. Lengo lenu ni tundu zima, jicho lenyewe mara nyingi limeshatolewa, na kivuli cha kobalti kinavumilika. Wekeni nguvu kwenye vipande vya milimita 1 na barakoa. Mgonjwa ambaye jicho lake bado linaona na linaweza kuokolewa, mpeni rufaa mapema kwenye kituo chenye LINAC kabla hamjaanza chochote.

Kama mna LINAC, programu ya idara inaweza kuwabeba mbali, mradi vipimo vya uwanja mdogo vifanyike upya na gridi ipunguzwe. Kabla ya mgonjwa wa kwanza wa jicho, pangeni mpango mmoja kwenye fantomu, upimeni, na mkubaliane kwa maandishi tofauti ya asilimia ngapi inawazuia kuendelea.

Kama ninyi ni hospitali ya macho au idara inayowaza kuanzisha kisahani, anzeni kwa kuhesabu watoto wanaofika wakiwa na uvimbe mdogo. Wakiwa wachache mno kwa mwaka, mkono wa daktari na wa mwanafizikia hautapata mazoezi, na kuwapeleka kituo chenye uzoefu ni salama zaidi hata kama safari ni ndefu. Wakitosha, programu maalumu ya kisahani inastahili fedha yake, na kwa umbali wetu kutoka viwandani ningeelekea rutheni kuliko iodini kwa uvimbe wa kimo cha milimita 5 au 6 kushuka chini. Uvimbe mrefu zaidi ya hapo unadai iodini, na iodini inadai usafirishaji wa uhakika.

Kama wewe ni mwanafunzi wa CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, au daktari kijana unayetaka kuielewa kazi hii, pakua 3D Slicer na SlicerRT kwanza, matRad baadaye. Chora jicho moja mara nyingi hadi mipaka yako ilingane na ya mwalimu. Usiweke picha za mgonjwa kwenye kompyuta yako binafsi kabla jina lake na namba yake ya faili havijaondolewa.

Kama wewe ni mzazi na umesoma hadi hapa, programu hutachagua wewe, lakini unayo haki ya kuuliza, na daktari mwema hatachukia: jicho la mwanangu linaweza kuokolewa? Mionzi itatoka nje au itawekwa juu ya jicho? Hesabu imekaguliwa na mtu wa pili? Na jicho la pili mtalichunguza lini? Retinoblastoma inaweza kuwa macho yote mawili, na wadogo zake pia wachunguzwe mapema, wakiwa bado wachanga.